Fimbo ya Soja Langoni Haigundui Kilipuzi

Wateja wetu hapa Kisumu, hasa wenye hoteli na kumbi, hutuuliza: "Soja wangu tayari ana mashine langoni. Si inatosha?" Inategemea unaogopa nini. Mashine hiyo, yaani fimbo anayoipitisha kwa mtu, hutambua chuma tu. Itapiga kelele kwa panga, kwa bastola, hata kwa sufuria ya mama aliyebeba samaki. Kilipuzi kisicho na chuma kitaipita kimya.

Aina moja ya kifaa cha kugundua vilipuzi hutegemea kitu tofauti kabisa: mng'ao unaozimika. Unaijua ile taa ya zambarau ya kukagulia noti dukani, inayofanya alama zilizofichwa kwenye noti halali ziwake. Ndani ya kifaa hiki mna utando mwembamba wa polima unaong'aa vivyo hivyo. Soja hupangusa mkono wa begi kwa kitambaa maalumu na kukiingiza kwenye kifaa, kinapashwa moto, na mvuke wake unapita juu ya utando. Molekuli ya TNT, kilipuzi kinachojulikana sana, ina uchu wa elektroni. Ikiigusa polima inayong'aa, huinyang'anya elektroni na mng'ao hufifia. Kwa kuwa polima ni mnyororo mrefu ambao nishati husafiri ndani yake, molekuli moja tu huzima sehemu kubwa. Hapo ndipo ukali wake ulipo. Mwanakemia Timothy Swager wa chuo kikuu cha MIT, Marekani, ndiye aliyeonyesha njia hii miaka ya 1990, na baadaye kikatengenezwa kifaa kiitwacho Fido kilichotumiwa na wanajeshi.

Lakini hakimalizi yote. RDX, kilipuzi kingine, hutoa mvuke kidogo mno kuliko TNT, kwa hiyo bila kupangusa vizuri utaikosa. Utando wenyewe huchakaa kadiri unavyomulikwa. Ukiulizia bei ya mashine, ulizia na ya vipuri.

Na akija mtu na kijiti chenye antena, hakina hata betri, anadai kinanusa bomu kutoka mbali, mwonyeshe mlango. ADE 651 kiliuzwa hivyo hivyo kwa mamilioni ya pauni. Muuzaji, James McCormick, alifungwa miaka 10 nchini Uingereza mwaka 2013.

Kwa harusi au harambee ya siku moja, sisi tungekushauri ukodishe, usinunue. Fimbo ya chuma ibaki palepale, maana kifaa hiki hakioni kisu. Kengele ya kifaa cha vilipuzi ikilia, soja asifungue begi: awaondoe watu, kisha apige 999.