Shangazi, njoo Loire hata kama hunywi

Shangazi, shikamoo.

Uliniuliza mtu asiyegusa pombe atafuata nini kwenye mizabibu ya Wafaransa. Nakujibu hadharani, maana hukuniuliza peke yako.

Utafuata mto. Loire ndio mto mrefu kuliko yote Ufaransa, zaidi ya kilomita 1,000, na tangu reli ilipoua biashara ya majahazi yake karne ya 19, umebaki wa ndege na wavuvi. Kiangazi maji hupungua, visiwa vya mchanga vinajitokeza, na buabua hutaga humo. Usije ukadanganywa na maji ya magotini ukaingia kuoga: mchanga ule huhamahama, na mashimo yake huyaoni.

Watalii wengi hutoka Paris alfajiri, hupiga picha makasri matatu, jioni wamerudi hoi. Sisi tutakwenda kwa baiskeli (yako ya umeme, usinune) kutoka mji wa Tours hadi mji wa Saumur, tukilala njiani. Kasri ninalotaka ulione ni moja tu, Villandry, tena kwa ajili ya bustani yake ya mboga: miraba tisa ya kabichi na wenzake, imepangwa kwa rangi kama mkeka. Mhispania Joachim Carvallo alilinunua mwaka 1906, akang'oa bustani ya mtindo wa Kiingereza na kurudisha ya mtindo wa karne ya 16. Wewe unayepanga mchicha kwa mstari utamwelewa.

Karibu na Saumur miamba ni ya tuffeau, jiwe jeupe laini lililojenga makasri na vibanda vilevile. Machimbo yake ya zamani sasa mengine ni maghala ya mvinyo, mengine mashamba ya uyoga, na mengine wanakaa watu. Humo ndimo utakapokula fouée, vimkate vya tanuri ya kuni: vinafura, unavipasua vikingali moto, unajaza maharage meupe au jibini ya mbuzi. Rillettes, nyama iliyochambuliwa ya kupaka mkateni, ziache: kwa kawaida ni nguruwe. Na samaki akija na beurre blanc, uliza kwanza. Sosi hiyo ya siagi mara nyingi hutiwa divai nyeupe. Jibini ya Sainte-Maure huna haja ya kuuliza, ila toa ule unyasi uliopita katikati kabla hujatafuna.

Njoo Septemba, mizabibu ya Bourgueil ikiwa imebeba na joto limeshuka. Kurudi Tours ni treni, na baiskeli zinapanda. Nijibu mapema nikuwekee ya umeme.