Nani atapanda ngazi mwaka wa tatu? Barua kwa vijana wa vifaa hapa Moshi

Wanangu,

Marahaba kwa shikamoo zote mlizonipa siku ya maonyesho yenu. Nilizunguka meza zote: kifaa cha kupima unyevu kwenye kahawa, cha kuhesabu lita za maziwa, cha kutuma meseji tangi likijaa. Vyote vilifanya kazi. Nilikuwa na swali moja, nikalimeza nisiwaharibie siku. Sasa naliuliza: mwaka wa tatu, mvua za masika zimepita juu ya kifaa mara mbili, nani atapanda ngazi kukitengeneza?

Naomba niwapeleke kwenye kisima kimoja upande wa Mabogini. Vijana kama ninyi, siwataji, walifunga pale kisanduku kinachosoma kina cha maji tangini, kinawasha pampu na kumtumia katibu wa kamati meseji. Kazi safi, waya zimelazwa kama nywele zilizochanwa. Mwaka wa kwanza hakuna aliyelalamika. Kamati ikafurahi, ikanunua betri ili umeme ukikatika kisanduku kisizime.

Hapo ndipo kikaanza kuganda. Tangi linakauka, pampu iko kimya, akina mama wamepanga ndoo tangu alfajiri. Mlinzi, mtu ambaye hajawahi kushika kompyuta, alipata dawa: anachomoa fyuzi na waya wa betri, anahesabu hadi kumi, anarudisha. Maji yanatoka.

Nilipoitwa nilikuta ukutani, kando ya kisanduku, tarehe zimeandikwa kwa mkaa. Kila alipochomoa, aliandika. Nikapindua ndoo nikakaa, nikahesabu vidole. Siku 50. Siku 51, alichelewa kugundua. Siku 50 tena.

Mliosoma mmeshajua. Chipu, ubongo wa kisanduku, huhesabu milisekunde (elfu moja hufanya sekunde) tangu iwashwe, hiyo ndiyo saa yake, na hesabu ikiwa ya biti 32, yaani nafasi 32 za sifuri au moja, inaishia 4,294,967,295 kisha inarudi sifuri. Hiyo ni siku 49 na saa 17 hivi. Nahisi mwandishi wa programu alijumlisha: saa ya sasa, ongeza dakika tano, ngoja saa ifike hapo. Jumla akaiweka kwenye namba pana zaidi, ikavuka mwisho wa saa yenyewe, kifaa kikabaki kungoja saa ambayo haifiki milele. Angetoa badala ya kujumlisha, yaani saa ya sasa toa saa ya mwanzo, jibu likifika dakika tano fanya kazi, basi kwa namba za biti 32 zisizo na hasi hesabu isingekosea hata saa ikizunguka mara mia.

Na kwa nini mwaka mzima haikuonekana? Kwa sababu umeme wetu haukuwahi kukaa siku 49 bila kukatika! Kila ukikatika, saa ilianza upya. Tuliyekuwa tunamlaumu ndiye aliyekuwa daktari.

Msiwacheke wenzenu. Mwaka 2015 mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani iliagiza ndege za Boeing 787 ziwe zinazimwa umeme na kuwashwa upya kwa vipindi, maana vidhibiti vya jenereta zake vikikaa na umeme siku 248 mfululizo vingeweza kujizima vyote kwa pamoja. Ni ugonjwa uleule, hesabu imejaa. Mezani huwezi kuuona, kwa sababu hakuna anayekaa na kifaa mezani siku 248.

Kilichonikera Mabogini hata hivyo si hesabu. Niliwatafuta wenye kifaa. Mmoja yuko Dar, mwingine ameacha ufundi anauza viatu. Programu yenyewe ilikuwa kwenye laptop iliyouzwa, na chipu walikuwa wameifunga isisomeke. Kosa la mstari mmoja, na hakuna binadamu anayeweza kulirekebisha. Laini ya simu nayo ilisajiliwa kwa jina la kijana mmoja kwa utaratibu wa zamani. Januari 2020, laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilipoanza kuzimwa, nayo ikaenda. Kamati haikuweza kuisajili kwa kidole cha mtu asiyekuwepo.

Sasa linganisheni na kile chombo cha Marekani kilichotua Mars Julai 1997, Mars Pathfinder. Nacho kilikuwa kinajizima na kujiwasha. Waliokitengeneza hawakuwa wamehama. Walikuwa na pacha wake duniani, wakamwendesha mpaka naye akaugua vilevile, wakasoma kumbukumbu za programu, wakaona kazi ndogo inaizuia kazi kubwa, wakatuma marekebisho huko huko Mars. Sisi Mabogini ni mwendo wa bodaboda, tukashindwa.

Kwa hiyo kila mkifunga kimoja, wekeni pacha wake karakana kikiwaka mfululizo, na msikizime mkienda Krismasi. Programu ibaki pia kwa mteja, kwenye flashi, na karatasi ya mchoro ndani ya mlango wa kisanduku. Laini iwe ya kamati. Wochidogi, ile saa inayoiwasha chipu upya ikiganda, naona mnaiweka, lakini wengine mnailisha, yaani mnaipa ishara kwamba kazi inaendelea, ndani ya intarapti ya taima, kipande cha programu ambacho saa ya chipu hukiita kila baada ya muda hata kazi kuu ikiganda. Hapo programu kuu itakufa na taima itaendelea kuilisha maiti. Ilisheni baada ya kazi yote kukamilika, na kifaa kikiamka kiandike kilizimwa na nini. Chipu nyingi zinalitunza hilo kwenye rejista, kisehemu kidogo cha kumbukumbu ndani yake.

Kuhusu sisimizi na mijusi nitanyamaza. Zibeni tu matundu ya waya, na waya uingilie chini.

Pale kisimani nimefunga relei yenye saa, swichi inayojikata yenyewe, inakata umeme na betri dakika moja kila Jumapili usiku. Ni kiraka, nakiri. Mlinzi hajakiamini, bado anaandika tarehe ukutani. Jumamosi ijayo napanda kuangalia boya la tangi. Nahitaji wawili wenye miguu imara kuliko yangu, na mmoja awe na bodi mpya ya kielektroniki na programu ya kuandika upya. Ngazi ninayo.

Mzee wenu,
fundi pampu mstaafu, Moshi