Mwanangu, tiketi ya kurudi iko wapi?

Mwanangu,

Ile picha ya mchongo kutoka gazeti la zamani uliyonituma juzi nimeifungua kwa simu yangu hii iliyopasuka kioo, nikawa sijui upi ni mstari wa mchongo na upi ni ufa, ikabidi dadako anikuzie kwa yake. Wewe umeandika tu "mama, magazeti kama haya ndiyo nitakayokuwa napanga London". Umeona kazi. Mimi nimemuona yule mama.

Prempeh kila mtu anamtazama, mfalme wa Waasante kapigishwa magoti pale Kumasi, Ghana ya leo, Januari 1896, kashika miguu ya gavana wa Kiingereza, maofisa wamekaa juu na jukwaa lenyewe limepangwa kwa maboksi ya biskuti za jeshi. Lakini ubavuni mwake kainama mamake mzazi, Yaa Akyaa, malkia mama, kwenye miguu ileile. Walimtaka mwanawe wakia 50,000 za dhahabu, akasema kwa sasa ninazo 680, siku hiyohiyo wakamkamata yeye na mamake na babake na nduguye, na hakuna risasi iliyopigwa maana alikataza watu wake wasipigane. Picha inakomea hapo kwenye viatu. Haikuambii walipelekwa ngome ya Elmina kule pwani, kisha Sierra Leone, kisha 1900 wakavushwa mpaka Seychelles. Kijana hajafika miaka 30 anachukuliwa, anarudi 1924 kashapita 50. Mamake alifia kulekule 1917.

Sasa niambie tiketi ya kurudi umekata au hujakata?

Nafurahi wallahi, mtaa mzima nimewaambia mwanangu anakwenda kushika karatasi za historia kwa mikono yake. Ila mkataba ulisaini kabla hujaniambia, na hilo bado liko hapa kooni. Na ukiandika maelezo chini ya picha ile usiishie "mfalme asalimu amri", tia na jina la mamake.

Usinijibu miaka miwili. Miaka miwili naijua mimi. Nilipokwenda Maskati nilimwambia nyanyako hivyohivyo, na mazishi yake wewe ulikuwepo, unajua nani hakuwepo. Watu nimewaambia siku zote bosi alishika pasipoti, na kweli aliishika, lakini mwaka wa tano alinirudishia mkononi nami nikaongeza mkataba. Basi.

Hata hapa Mombasa aliishia Sayyid Khalid, yule aliyejitangaza sultani wa Zanzibar akatolewa Unguja kwa mizinga ya Waingereza Agosti mwaka huohuo 1896. Naye walikuja kumshika 1916, wakampitisha Seychelles na St Helena, akafia hapa 1927, Unguja iko palepale ng'ambo na yeye hayuko kwao. Wewe hukufukuzwa na mtu, hata zaidi ndiyo maana nauliza. Kata ya kwenda na kurudi, tarehe itabadilishwa baadaye ikibidi, pesa ikipungua sema, mpangaji wa chumba cha nyuma kalipa miezi miwili.

Tangi linavuja tena pale ulipoziba na gundi. Fundi nimemwambia aje Jumamosi, nawe uwepo umuonyeshe valvu ilipo maana mimi siijui. Sweta la babako nimelifua, liko juu ya kabati, usiliache. Na hiyo tiketi nitumie picha yake leo usiku, dadako atanikuzia.

Mamako