Risala ya Klabu ya Historia kwa Mgeni Rasmi: Nicodemus, Mji Mdogo wa Nyanda za Kansas

Ndugu mgeni rasmi, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Karibu sana Dodoma, na asante kwa kukubali kutufungulia maonyesho haya. Mwaka huu klabu imeshughulikia mji mmoja tu, tena mdogo: Nicodemus, katika wilaya ya Graham, kaskazini-magharibi mwa jimbo la Kansas, Marekani. Wakazi wake wa kudumu leo hawajazi hata darasa moja la shule hii. Hata hivyo, katika miji iliyoanzishwa na watu weusi magharibi ya mto Mississippi katika miaka iliyofuata kukomeshwa kwa utumwa, huu ndio mkongwe unaokaliwa hadi sasa.

Ndugu mgeni rasmi, kampuni ya kuanzisha mji iliundwa Aprili 1877. Rais wake, W. H. Smith, alikuwa mtu mweusi, na vivyo hivyo mchungaji Simon Roundtree. W. R. Hill, Mzungu, alikuwa mfanyabiashara wa viwanja. Vipeperushi vyao vilisambazwa Kentucky kwa watu waliotoka utumwani miaka 12 tu kabla. Kivutio kikubwa kilikuwa sheria ya mwaka 1862 iliyompa mkuu wa kaya ekari 160 za serikali kwa ada ndogo, kwa sharti kwamba akae juu yake miaka 5 na kuiendeleza.

Septemba 1877 kundi kubwa la kwanza, watu zaidi ya 300, lilishuka treni katika stesheni ya Ellis. Kutoka hapo ni mwendo wa takriban kilomita 55. Willianna Hickman, aliyefika mwaka uliofuata pamoja na mumewe mchungaji, alieleza baadaye kwamba alipouliza mji uko wapi alionyeshwa moshi unaotoka ardhini. Alilia. Wapo waliogeuza na kurudi Kentucky, na sisi hatuwalaumu.

Moshi ule ulitoka kwenye nyumba za kuchimbwa. Mfano wake uko kwenye meza ya kwanza, na wenzetu wanaolijua tembe la Kigogo wataielewa haraka: paa la udongo juu ya fito, tofauti ni kwamba hii imezamishwa kwenye mteremko. Walichimba shimo ubavuni mwa kilima, kina kama mita 2, na upande wa mbele wakauziba kwa mabonge ya udongo wenye nyasi. Bonge moja lilikuwa na upana wa sentimita 30 hivi, urefu wa 60 na unene wa 10. Yalikatwa udongo ukiwa na unyevu, na yale tu yatakayojengwa siku hiyo, maana yakilala juani yanakauka na kumeguka. Nyasi hulazwa upande wa chini, viungo visikutane kama ilivyo kwa tofali, na kila baada ya mistari michache hulazwa mstari wa kukingama ili ukuta usipasuke. Juu ya fremu ya dirisha inaachwa nafasi iliyojazwa matambara, kwa sababu ukuta hushuka kadiri unavyokauka. Fundi akisahau, kioo kinavunjika.

Nyumba hizi zilikuwa na joto wakati wa theluji na ubaridi wakati wa kiangazi. Ubaya wake ulikuwa paa. Mvua ikikatika nje, ndani iliendelea kudondoka siku mbili tatu, maji yakiwa yamegeuka tope. Nyoka walipenya kwenye mizizi, na ng'ombe akipita juu aliweza kutumbukia. Zilijengwa hivyo kwa sababu miti ilikuwa ya kutafuta, michache kandokando ya mto Solomon. Kuni hazikuwepo, walichoma mabua ya alizeti na samadi kavu.

Majira ya baridi ya kwanza yaliwakuta hawana akiba. Wakazi wenyewe wamesimulia kizazi hadi kizazi kwamba Waosage, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani, waliokuwa wakirudi kutoka kuwinda waliwagawia nyama, na jambo hili tunaliona halipewi uzito unaostahili. Msimu wa kupanda ulipofika, farasi walikuwa wachache mno, hivyo wengi walivunja ardhi kwa jembe la mkono na beleshi. Mizizi ya nyasi za nyanda zile ni mkeka mzito usiokatika kwa pigo moja, na mvua ni kama milimita 550 kwa mwaka, karibu sawa na yetu hapa. Mahindi yaliungua mara kwa mara. Ngano inayopandwa Septemba na kuvunwa Juni au Julai ilifaa zaidi, kwa kuwa hukomaa kabla ya jua kali la Agosti.

Ndani ya miaka 10 palikuwa na maduka, hoteli, makanisa, benki na magazeti mawili. Jenny Fletcher alikuwa mwalimu na msimamizi wa posta. Mumewe Zachary alijenga hoteli ya St. Francis. Edwin McCabe, aliyehamia hapo 1878, alichaguliwa 1882 kuwa mkaguzi wa hesabu wa jimbo zima la Kansas, na 1884 akachaguliwa tena.

Kilichouangusha mji ni reli. Mwaka 1887 wakazi walipiga kura kutoa hatifungani za dola 16,000 ili kampuni ya Missouri Pacific ipitishe njia kwao. Haikuja. Mwaka 1888 Union Pacific ikajenga kusini mwa mto, kilomita 10 hivi kutoka hapo, na mji wa Bogue ukaota kando ya reli. Kilomita 10 zinaonekana si kitu, lakini mkulima anayebeba ngano kwa mkokoteni na kuvuka mto atanunua chumvi na misumari pale pale anapouzia. Wenye maduka walimfuata, magazeti yakafa mwaka huohuo. Ukame na vumbi la miaka ya 1930 vilipunguza waliobaki, na posta ilifungwa 1953.

Majengo matano ya zamani, ukiwemo ukumbi wa mji wa mwaka 1939 uliojengwa kwa jiwe la chokaa, yamekuwa hifadhi ya taifa ya kihistoria tangu 1996. Jiwe hilo ni laini: likizibwa kwa saruji ngumu unyevu hukosa pa kutokea, ukiganda uso wa jiwe unabanduka. Hutakiwa chokaa. Lakini kwa maoni yetu kilichouhifadhi mji zaidi ni sherehe ya kila mwisho wa Julai, ambapo wazao waliotawanyika Marekani nzima hurudi. Mwanzoni iliadhimishwa Agosti 1, siku ya kukomeshwa kwa utumwa katika visiwa vya Karibi vya Uingereza mwaka 1834.

Ndugu mgeni rasmi, tuna maombi mawili. La kwanza ni kabati la vioo, kwani mfano wa nyumba umetengenezwa kwa udongo halisi na unabomoka ukiguswaguswa. La pili ni ramani ya ukutani ya Amerika Kaskazini. Tunayotumia imechanika mahali penyewe ilipo Kansas.

Tunaomba kuwasilisha.