Barua kwa Mjomba: Kibuyu Kitupu cha Oyo

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Siku ya arusi ulisema kwamba wafalme wa Kiafrika wa zamani hawakuulizwa na mtu. Sikukujibu pale, kwa kuwa si adabu mpwa kubishana na mjomba wake mbele ya wageni. Ninakujibu leo kwa habari za Abiodun, Alaafin (yaani mfalme) wa Oyo katika nchi ya Wayoruba, Nigeria ya leo.

Huko Alaafin alitawala pamoja na Oyo Mesi, baraza la wakuu saba lililoongozwa na Basorun, yaani waziri mkuu. Baraza hilo lilipomkataa mfalme, lilimpelekea kibuyu kitupu au mayai ya kasuku, naye akaelewa kwamba anatakiwa ajiue. Desturi hiyo, iliyokusudiwa kuzuia udhalimu, ikageuka kuwa udhalimu wenyewe mikononi mwa Basorun Gaha, aliyeshika hatamu mwaka 1754 akawaangamiza wafalme mmoja baada ya mwingine, huku wanawe wakienea majimboni na kujichukulia kodi. Abiodun alipotawazwa alijifanya mnyonge, inasimuliwa kwamba alikwenda kila siku kumwamkia Gaha (mfalme kumwamkia waziri wake, Mjomba!), kumbe kwa siri anapatana na Oyabi, jemadari mkuu aliyekaa Ajase. Mwaka 1774 Gaha aliangushwa, na ukoo wake ukasakwa nchi nzima.

Wasimulizi wengi hupenda kuishia hapo, kwa sababu miaka iliyofuata, hadi Abiodun alipofariki mwaka 1789, hukumbukwa kuwa ya amani na neema. Mimi neema hiyo hunitia shaka. Ilipita katika njia ya Egbado kuelekea bandari ya Porto-Novo, na sehemu kubwa ya biashara ya huko ilikuwa binadamu waliouzwa utumwani. Tena jeshi, ambalo wapanda farasi wake ndio walioikuza Oyo, lilidhoofika kiasi kwamba mwaka 1783 lilishindwa na Borgu, nchi jirani. Ninavyoona, mfalme aliyeponea chupuchupu kwa mkuu wa baraza hakuwa na hamu ya kuona majemadari wengine wakipata nguvu.

Hata hivyo kibuyu hakikuvunjwa. Abiodun alikufa mfalme, lakini Awole aliyemrithi alitumiwa kibuyu chake karibu mwaka 1796, safari hii na jeshi lililoasi vitani, Afonja wa Ilorin akiwa miongoni mwa viongozi wake.

Wako mtiifu,
Mpwa wako