Kabla hujapogoa mwaloni wako, tazama kalenda

Mwezi wa Machi, mialoni ya kijani (live oak) ya hapa Texas hugeuka manjano na kupukutisha majani, na wenye nyumba hushtuka. Mara nyingi mti hauna neno. Mwaloni huu haukai uchi wakati wa baridi kama mingine. Hungoja majira ya kuchipua ndipo uangushe majani ya zamani, na mapya hufunika matawi ndani ya wiki chache. Manjano yakienea mti mzima kwa usawa na machipukizi yanaonekana, subiri.

Ugonjwa wa kuogopa ni mnyauko wa mwaloni. Huletwa na kuvu iitwayo Bretziella fagacearum, ambayo huufanya mti uzibe mirija yake ya maji. Okota jani lililoanguka, uliinue kwenye mwanga. Jani lenye mnyauko hugeuka manjano kwenye mishipa, kisha mishipa hiyo huwa kahawia, ilhali sehemu za katikati zimebaki kijani, mfano wa mifupa ya samaki. Mialoni mingi ikishafikia hapo hufa ndani ya miezi 3 hadi 6.

Mnyauko una njia mbili za kuenea. Chini ya gome la mialoni myekundu iliyokufa kuvu hutandika utando wenye harufu tamu. Mbawakawa wadogo wanaopenda utomvu huufuata, kisha huruka na vijimbegu vyake hadi kwenye jeraha bichi la mti mzima. Ukishaingia, hupita mizizini, kwa kuwa mialoni iliyo jirani huunganisha mizizi chini ya ardhi, na huweza kusonga futi 75 kwa mwaka. Ndiyo maana mti unaoumwa ng'ambo ya ua ni wako pia.

Kwa hiyo usipogoe kuanzia tarehe 1 Februari hadi 30 Juni. Miezi mingine, paka rangi kila jeraha papo hapo, si jioni kazi ikiisha. Rangi ya kawaida ya kopo la kupuliza inatosha. Hata shina lililochunwa na mashine ya kukata nyasi lipakwe. Kuni mbichi za mwaloni mwekundu ulioumwa usizihamishe.

Tiba tunayotumia sisi watunza miti ni propikonazoli, dawa ya kuua kuvu. Tunafukua udongo shinani, tunatoboa vitundu kwenye vichwa vya mizizi mikuu, na kuidunga humo. Hulinda mti ambao bado ni mzima au umeanza tu kuugua. Ukishapoteza zaidi ya asilimia 30 ya majani, matumaini ni madogo na hatupendi ulipie. Tena dawa haizuii ugonjwa kupita mizizini. Hilo ni kazi ya mtaro wa kina cha futi 4 au zaidi, futi 100 mbele ya mti wa mwisho wenye dalili. Piga simu 811 kwanza, mabomba na nyaya za chini ya ardhi zitiwe alama.

Mengine ni mepesi. Vidukari hudondosha utamu unaonata kwenye gari. Maji ya nguvu huwaondoa. Vinundu vinavyoota mtini kwa sababu ya nyigu haviui mti. Vile vishada vya kijivu matawini havinyonyi mti, vimejishikiza tu. Lakini gome likibanduka na kuacha ukoko wa kijivu shinani, mti umeelemewa, mara nyingi baada ya ukame, na hakuna dawa. Mbao yake huvunjika ghafla, basi usiegeshe gari chini yake.

Ukituita, tuwekee majani matano yaliyoanguka chini ya mti na vipande vya tawi linaloumwa lakini bado bichi, ndani ya kasha lenye barafu. Kilichokauka maabara haiwezi kuotesha kuvu kutoka kwake.