Dada, safari hii usinifiche

Shikamoo dada.

Najua hii utasomewa na mwanao, na atakayekuletea ni shemeji. Sawa tu. Tangu Idi kila nikikupigia tunaongea ya mama na dawa zake za sukari vizuri kabisa, nikigusa habari ya safari unaniambia una wageni. Basi nimeandika hapa, na wengine wasome, maana wenye madereva majumbani mwao wanaijua desturi hii ya kumficha dereva msiba, na wengi wanaiita huruma.

Narudi barabarani. Tipa la mchanga nimelikabidhi. Linalipa kwa tripu, na mvua ikinyesha hakuna tripu, na ada za watoto haziangalii mvua. Nimepewa semi, Dar kwenda Lubumbashi, Jumatatu tunapakia Kurasini. Leseni yangu ya daraja E ni hai, macho nimepima, na kurudisha trela nyuma nimewaonyesha vijana wao pale yadi. Gari za sasa gia zinajibadilisha zenyewe, na ofisini wanakuona kwenye kompyuta ulipo na mwendo unaokwenda nao. Tunduma nako, mpakani na Zambia, siyo ile niliyoiacha: tangu wafungue kituo cha pamoja na Nakonde mwaka 2019, karatasi za nchi zote mbili unazimaliza upande mmoja.

Mama kanipa dua. Wewe ndiye hujasema neno.

Miaka ile, kabla sijaacha barabara, nilikupigia nikiwa Tunduma, ndiyo kwanza nimevuka na shaba, nikauliza mzee anaendeleaje. Ukaniambia, "Kapata uji wa ulezi, kaumaliza wote, sasa hivi kalala." Mzee tulikuwa tumeshamzika. Nasema "tulikuwa" kwa sababu ni baba yangu pia, ingawa mimi nilikuwa nasubiri muhuri mpakani.

Kuzika haraka sina neno nalo, ndiyo dini yetu, maiti haimsubiri mtu anayetoka Zambia. Lakini ule uji, dada. Nani alikutuma uuongeze uji?

Na utingo mlishampigia. Kijana yule tukishaipita Makambako kawaida yake anajifunika shuka, utamwamsha Morogoro. Safari ile hakufumba jicho. Tunateremka Kitonga, nimeishika gia ndogo, breki ya injini inanguruma, yeye hatazami korongo, anatazama mikono yangu kwenye usukani. Nikamuuliza, "Leo umeniogopa?" Akasema jino linamuuma. Ruaha Mbuyuni nikasimama kununua vitunguu. Nikachagua vile vidogo vyekundu, mzee alivyokuwa anavipenda kwenye kachumbari, nikavutana bei na yule mama muuzaji, na kijana kasimama pembeni kashika mfuko, ananiacha nichague. Ananiacha nichague, dada.

Nafika Mbagala usiku, godoro la mzee limeegemezwa ukutani nje. Ukatoka, ukanipokea vitunguu, ukaenda kuviweka jikoni, ndipo ukarudi ukaniambia nikae.

Najua utetezi wako, umeshawaambia mashangazi wote: uliogopa nitaanguka Kitonga. Dereva akiambiwa anaegesha. Tunduma maegesho yapo. Ningezima gari, ningelia, ningeswali, tajiri mwenye gari angeamua kuleta dereva mwingine au kuningoja mpaka nitulie. Wewe ulifikiri ukinyamaza habari itakaa kimya? Ingetosha jirani mmoja kunitumia meseji ya pole, niisome usiku katikati ya Mikumi, zile kilometa 50 za hifadhi ambazo nyati anakatiza bila taa. Ni Mungu tu hawakuwa na salio.

Kwa hiyo nikwambie namna ya kumpa dereva habari ya msiba, na mwenye dereva wake naye aichukue. Kwanza muulize yuko wapi. Kama yuko kwenye mwendo, mwambie atafute pa kuegesha kisha akupigie, usimwambie sababu. Akishazima gari, mtajie jina na umwambie amefariki, papo hapo, usianze na "hali yake siyo nzuri". Halafu ongea na utingo, mpigie na tajiri. Usimwachie kijana wa watu kubeba msiba wako kutoka Mbeya hadi Dar.

Watu wanasema niliacha barabara kwa hasira. Niliacha kwa sababu kila nilipopiga simu nyumbani nikaambiwa wote wazima, sikuamini. Utaendeshaje gari linalopita mizani na tani zake 56 huku akili yote iko Mbagala, unajiuliza leo wamemzika nani? Nilifanya sawasawa kuliacha. Na miaka niliyokaa mjini mama kliniki nimempeleka mimi, bati la nyumba nimelibadilisha mimi. Usiseme tena kwamba mimi ndiye niliyevunja undugu kwa sababu sikukaa hadi arobaini.

Uliuza cherehani yako nikasome udereva. Ulikuwa unaamka alfajiri unanifungia chapati za njiani, na kila chombo nilichowahi kushika usukani wake mkono wako umo. Hilo nalisema mbele ya yeyote. Lakini cherehani haikukupa ruhusa ya kuniamulia lini nijue kuwa sina baba.

Namba yangu ya Zambia mwanao ameshaihifadhi, ya Kongo nitakutumia nikivuka Kasumbalesa. Sukari ya mama ikipanda, hata iwe saa nane usiku, hata niwe Mpika huko porini, piga. Nitaegesha. Na ikiwa ni zaidi ya sukari, piga vilevile, wewe mwenyewe, usimpe shemeji simu.

Jumapili baada ya adhuhuri nakuja Mbagala. Nataka unitamkie mbele ya mama kwamba utaniambia.